Breki za Maji ya Sabuni

Nikolaus wa Mabwerebwere alikuwa na Landrova kuukuu, na usimuulize habari zake kama una haraka ya kwenda popote. Aliikuta imetupwa nyuma ya stoo ya shamba la mkonge alikokuwa karani, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva, akainunua kwa bei ya chuma chakavu na kuikokota mpaka nyumbani kwa trekta la kuazima. Watu wakamcheka. Walicheka mpaka siku ilipowaka, na hata hapo wengine hawakuacha, maana ilipowaka ilitoa moshi ukaingia mpaka vyumbani kwa majirani.

Hakuwa fundi wa kusomea. Mchana alikuwa karani, jioni ukimtafuta ungeona miguu tu imetokeza chini ya gari. Mkewe Debora, ambaye kila mtu alimwita Mama Paulina, alikuwa akiwaambia wenzake kisimani kwamba yeye hana mume, ana miguu. Gasketi Nikolaus alizikata kwenye maboksi, bushi alizichonga kwenye soli za kandambili, na kila kilichotengemaa alikipangusa kwa kitambaa akakitazama kwa furaha isiyofichika. Gari alilipenda, tusidanganyane. Kuna wanaume wanaopenda pombe, yeye alipenda lile gari.

Sasa, ile miaka ya kukosa, mafuta ya breki yalikuwa kitu cha kusikia tu. Mafundi wa majumbani walikuwa na njia yao: unakoroga sabuni ya mche kwenye maji, unamimina kwenye kikopo cha breki, gari linashika. Linashika kweli, mradi usikimbie. Ukikimbia na kukanyaga mara kwa mara, magurudumu yanapata moto, maji yanachemka humo humo ndani ya mabomba, na breki iliyochemka haisimamishi hata baiskeli. Na sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni, kwa hiyo unaweza kufikiria maneno aliyoyasema Mama Paulina siku alipokuta mche wake umekatwa nusu.

Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Maduka ya Kilosa, ambamo mwenye duka alikuwa akikaa anapiga miayo mbele ya rafu tupu, yakajaa vitu mpaka barazani. Nikolaus akasafiri mpaka Morogoro, akarudi na kopo la mafuta ya breki, jipya, linang'aa. Unadhani alilimimina kwenye gari? Thubutu. Alilifungia kabatini, nyuma ya kioo, pamoja na vikombe vya wageni. Mtu aliyepanga foleni ya chumvi miaka nenda rudi haamini kwamba kilichopo leo kesho kitakuwapo. Alisema analiwekea akiba siku ya shida. Mama Paulina akamuuliza shida ya gari inapiga hodi lini.

"Mimi siendi mbio," ndilo lilikuwa jibu lake siku zote. Na kweli hakwenda mbio. Raha yake kubwa ilikuwa kumpakia mkewe Jumamosi wakaenda Mikumi kunywa chai kando ya lami, wakitazama malori ya Zambia yakipita, kisha wakarudi. Walikwenda mwendo wa bibi harusi, na mteremko aliushuka kwa gia ndogo, mguu wa breki umepumzika kabisa.

Jumamosi hiyo walikuwa wamepita kijiji cha Ulaya, barabara nyeupe na vumbi lake, Mama Paulina akimenya chungwa, wakamwona mtu amesimama katikati ya njia amenyoosha mikono. Mmasai. Hakupunga wala hakusogea pembeni gari lilipokaribia. Nikolaus alisimama karibu sana naye.

"Shikamoo mzee," yule mtu akasema, akihema.

"Marahaba. Kuna nini?"

"Mtoto amekunywa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ilikuwa kwenye chupa ya soda. Zahanati wamesema kimbieni Mikumi, sindano yake iko hospitali. Wamesema tusichelewe."

Nyuma yake mwanamke alikuwa amekaa majanini, mtoto wa kiume wa miaka minne hivi mapajani. Mate yalimtoka mtoto bila kukoma, jasho limemlowesha, na misuli ya mashavu ilikuwa ikicheza yenyewe. Harufu ya ile dawa ilifika mpaka dirishani. Mama Paulina hakungoja kuambiwa. Alitupa chungwa, akashuka, akampisha yule mama kiti cha mbele, yeye akapanda nyuma na yule baba. Jina lake Seuri, mkewe Namunyak, mtoto Leshan. Hayo yalisemwa wakati gari tayari linaondoka.

Nikolaus akakanyaga mafuta kwa namna ambayo hakuwahi kukanyaga tangu alinunue lile gari.

Kila alilolijua kuhusu lile gari lilimwambia aende polepole, na kila pumzi ya yule mtoto ilimwambia akimbie. Leshan alikuwa anapumua kama mtu anayekoroma ndani ya maji. Namunyak alimfuta mdomo kwa pindo la shuka, akafuta tena. Macho yake yalikuwa barabarani tu, kana kwamba yeye ndiye anayeendesha.

Kona ya kwanza alikanyaga breki, zikashika. Daraja la magogo alikanyaga, zikashika. Kisha vikaja vile vilima vya kupanda na kushuka, kila bondeni pana mashimo ya mvua, na ukifika na kasi ile usipokanyaga unavunja springi na safari imekwisha. Akakanyaga, akakanyaga. Kwenye bonde la tatu pedeli ikawa laini. Akaipampu mara mbili, ikapanda. Bonde lililofuata aliipampu mara nne.

Mama Paulina akagonga bati nyuma ya kichwa chake. "Baba Paulina, breki vipi?"

"Zipo."

Mwongo mkubwa. Alikuwa anatokwa na jasho mpaka usukani unateleza. Alitaka kusimama apumzishe magurudumu, hata kidogo tu, yale maji yapoe. Akamtazama mtoto. Mikono ilikuwa imeanza kutetemeka, midogo, vidole vimekunjamana. Nikolaus akasema moyoni, Mungu nisaidie nifike nalo hivi hivi, na kabatini kwake lile kopo linakaa na vikombe. Aliliona wazi kabisa, na alijichukia.

"Baba Paulina, punguza," mkewe akasema nyuma.

"Ongeza, mzee," Seuri akasema.

Akaongeza.

Mteremko wa mwisho kabla ya Mikumi ni mrefu. Ukiwa juu unaona mabati ya mji yakimetameta kwa mbali, na ukiyaona unajua umefika. Nikolaus aliyaona, akashusha pumzi, akauanza mteremko na gia ya tatu kwa sababu ya haraka, akakanyaga breki kupunguza kidogo tu. Pedeli ikaenda mpaka chini, ikagusa bati, ikabaki hapo hapo.

Akapampu. Hakuna. Akapampu kama mwendawazimu. Hakuna kitu kabisa, ni hewa. Akalazimisha gia ya pili, meno yakalia, ikakataa kuingia. Akavuta hendibreki, ambayo miaka mingi ilikuwa ya kuegeshea tu, ikatoa harufu ya kuungua na gari likaendelea kushuka.

Kule chini, vumbi likapasuka na ng'ombe wakatokea. Walikuwa wanakatiza barabara kwa uvivu wao, weupe, wekundu, wenye mabaka, na vijana wawili wa Kimasai nyuma yao na fimbo. Nikolaus akapiga honi. Ng'ombe mmoja akageuza kichwa akamtazama. Wale wengine hata hawakujisumbua.

Mambo mengi yanaweza kupita kichwani kwa muda mfupi. Kwa Nikolaus lilipita moja. Ilikuwapo habari iliyosimuliwa kila kilabu, ya dereva aliyegonga ng'ombe wa Mmasai huko Chanzuru akazungukwa na mikuki mpaka jua likazama. Hakuna aliyejua jina la huyo dereva, wala gari gani, lakini kila mkulima aliijua habari hiyo tangu utotoni: Mmasai mguse chochote, ng'ombe wake usimguse. Na Mmasai alikuwa nyuma, mgongoni kwake kabisa; kwa Nikolaus, hao walikuwa ng'ombe wake.

Akakata usukani kushoto.

Landrova ikaruka mtaro, ikabomoa kichaka, ikakita pua kwenye tuta la udongo mwekundu. Kimya. Halafu sauti ya maji yakimwagika chini ya boneti, shaa, kama mtu anayemwaga ndoo.

Namunyak alikuwa amemkunja mtoto kwa mwili wake wote, kiwiko kimechubuka, na mtoto alikuwa bado anakoroma. Mama Paulina aliita kutoka nyuma kwamba yeye mzima, amegonga goti tu. Seuri alishuka damu ikimchirizika kwenye paji la uso. Alitazama ng'ombe, akatazama gari, akamtazama Nikolaus. Kisha akawaita wale vijana kwa lugha yao, wakaja mbio. Wale ng'ombe walikuwa wake kweli, waliokuja malishoni upande huu.

"Tunasukuma," akasema. "Litawaka?"

Nikolaus akafungua boneti. Feni ilikuwa imeingia kwenye rejeta na kuichana, maji yote yapo ardhini. Injini bila maji haifiki mbali. Inakauka, inashika moto, inakufa, na ikifa hivyo hakuna gasketi ya boksi wala soli ya kandambili itakayoifufua. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote wilaya nzima. Akashika mapanga ya feni kwa mikono mitupu, akayakunja yakaiachia rejeta, akafunga boneti.

"Litawaka," akasema. "Sukumeni."

Wakasukuma, Mama Paulina na goti lake humo humo. Liliporudi barabarani likawaka kweli, na Nikolaus akalipeleka kwa gia ya kwanza mpaka mwisho wa mteremko, kisha akaliachia. Mshale wa joto ukapanda ukapita wekundu ukalala. Harufu ya chuma kinachoungua ikajaa ndani, injini ikaanza kugonga, kwanza pole pole, halafu kwa fujo, na kila ilipogonga Nikolaus alisikia uchungu ubavuni. Hakupunguza. Nyumba za kwanza za Mikumi zikapita, gereji, genge, watu wakishangaa moshi. Walipokaribia soko injini ikapiga kishindo kimoja na magurudumu yakakwama. Seuri alikwisharuka. Alimchukua mtoto mikononi mwa mama yake na kukimbia, shuka ikipepea, Namunyak nyuma yake, na watu wakawapisha.

Nikolaus na mkewe walipofika hospitali kwa miguu walielekezwa kwenye benchi la nje. Seuri na Namunyak walikuwa hapo. Ndani walikuwa wanamchoma mtoto sindano, wanasubiri, wanamchoma nyingine. Nesi alitoka mara ya kwanza akasema bado. Akatoka mara ya pili akasema bado. Namunyak alikuwa ameshika mikono yake mwenyewe kwa nguvu mpaka vidole vimepauka, na Mama Paulina akakaa karibu naye akamshika begani, wala hawakuwa na lugha ya kutosha ya kuambiana kitu.

Jua lilikuwa limeanza kuinama nesi alipotoka akitabasamu. Mate yamekata, akasema, amefungua macho, anamwita mama yake. Namunyak akaingia ndani mbio. Mama Paulina akajifunika uso kwa kanga akalia waziwazi.

Seuri akajisogeza kwenye benchi, akamgeukia.

"Mzee, nikuulize. Pale kwenye ng'ombe, kwa nini uliacha njia?"

"Breki zilikufa."

"Hilo nimeelewa. Breki zimekufa, gari linashuka, mbele kuna ng'ombe. Ungepita kati yao. Ungeua wawili, pengine watatu, gari zito lile lingesimama au lingepita. Wewe ukaenda kwenye tuta, na mtoto yuko mbele."

Nikolaus alitaka kusema habari za sabuni, za kopo, za pedeli. Angeweza kusema mpaka usiku. Lakini sabuni haikukata usukani. Mikono yake ndiyo iliyoukata, na alijua vizuri kwa nini.

"Niliona ni ng'ombe wako," akasema.

"Ni wangu."

"Nikajua ukifiwa na ng'ombe..."

Seuri alingoja amalize, na alipoona hamalizi akamsaidia, kwa upole, bila hasira hata kidogo.

"Ulidhani nitamlilia ng'ombe kuliko Leshan."

Nikolaus akatazama chini. Damu ilikuwa imekauka kwenye paji la Seuri na hakuna aliyemwosha. Aibu ilimpanda Nikolaus kutoka tumboni mpaka masikioni, aibu ya mtu mzima, ile isiyo na pa kukimbilia.

"Nilidhani hivyo," akasema.

Seuri akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa bei ya kitu alichokwisha kukadiria.

"Umekaa na sisi jirani miaka mingapi, mzee?"

"Tangu mlipokuja. Nilikuwa bado kijana."

"Basi ni mingi," Seuri akasema, akainuka kwenda kumwona mwanawe.