Jezi Nane, Nusu ya Pili

"Rudisha pointi zangu."

"Nirudishe wapi? Kwani nimeziweka kwa mfuko?"

"Uliketi, Ekwaro. Nusu ya pili yote uliketi na taulo kwa shingo, ukinishikia maji."

"Niliketi kwa sababu sikuwa na jezi. Na jezi yangu ilikuwa wapi? Ilikuwa kwa mgongo wako, boss."

Hiyo ilikuwa kweli, na Emukule alijua. Alikuwa amechutama kando ya trela pale Malaba anafungua nati za gurudumu, na hasira ilimfanya azungushe spana upande mbaya, anakaza badala ya kulegeza. Dereva akamwangalia tu.

Mambo yalikuwa hivi. Jumamosi timu yao ilicheza basketi na vijana wa Nakuru, mechi ya mwisho ya ligi. Wakishinda wanabaki ligi ya kulipwa. Wakipoteza wanashuka, na timu ikishuka hakuna mshahara tena, kila mtu anarudi kwao kulima. Kabla tu ya mapumziko Emukule alikula kiwiko, pua ikavuja mpaka jezi yake, namba kumi na mbili, ikawa nyekundu mbele yote. Refa akasema na hiyo damu haingii. Timu nayo ina seti moja ya jezi, ya ziada hakuna. Kwao hiyo si shida, wamezoea kuvuliana: wa benchi anavua, wa uwanjani anavaa. Ekwaro akavua namba nane. Kocha Methuselah akasema ataenda kuambia watu wa meza. Hakwenda. Alianza kubishana na refa juu ya kile kiwiko, kipenga kikalia, akasahau.

Na meza haiangalii sura. Pale uwanjani mmoja anasimama anaita, na Vivianne, karani wa takwimu, anaandika kwa tableti bila kuinua kichwa. Nane, pointi mbili. Nane, ribaundi. Yule wa kuita alikuwa mgeni kutoka Bumala, ametumwa siku hiyo moja. Hamjui Emukule, hamjui Ekwaro, na hao wawili wote ni warefu, weusi, wamenyoa upara. Hata mama za watu huwachanganya. Tofauti ni kwamba Emukule anapiga na mkono wa kushoto, na anajua kufunga.

Walishinda kwa pointi moja. Emukule ndiye alifunga, kengele ikilia, watu wakamwagika uwanjani. Jumapili takwimu zikaingia kwa simu ya kila mtu. Kumi na mbili, Emukule, pointi nne. Nane, Ekwaro, pointi ishirini na tatu. Leo asubuhi klabu moja ya Kampala ikampigia Ekwaro. Wamesoma takwimu, wanamtaka, aje wiki hii hii.

Kilichomchoma Emukule zaidi ni kwamba Ekwaro mwenyewe ndiye alikuja kumwambia. Alikuja akicheka, kama mtu amebeba kichekesho. Halafu akasema mama yake ashaazima begi ya safari kwa jirani, na hapo kicheko kikaisha.

Emukule aliacha trela imesimama na jeki. Miaka yote hiyo anafungua na kuziba matairi ya watu akingojea simu moja kutoka ng'ambo, na simu imekuja ikaita mtu wa benchi. Akamwambia Ekwaro twende Busia, kwa Vivianne, aandike vile ilikuwa. Ekwaro angekataa. Hakukataa. Wakashuka Burumba, mtaa wa huko Busia.

Vivianne anauza kava za simu kwa kibanda chake. Aliwasikiliza wote wawili, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akashika mdomo. Alisema kumbe alishangaa pia, Ekwaro tangu lini. Ekwaro akaangalia chini. Lakini Vivianne alisema kurekebisha si kazi ngumu, ligi inakubali mpaka leo jioni. Anachukua yote ya namba nane ya nusu ya pili anapeleka kwa kumi na mbili, anatuma.

"Fanya hivyo, dada," Emukule akasema.

Vivianne akatoa tableti chini ya kava za simu, akaanza kuhamisha. Pointi zikaenda. Ribaundi zikaenda. Emukule alikuwa amesimama nyuma yake akiona jina lake linanenepa, na kifua chake kikaanza kupata hewa. Halafu mkono wa Vivianne ukasimama.

"Hizi faulo pia ni zako?"

Emukule akainama kuangalia kioo.

"Ulikuwa na tatu kabla ya mapumziko. Huku kwa nane kuna zingine tatu." Alisema polepole, kama mtu anaonyesha mgonjwa mahali pa kuuma. "Ya tano ilikuja robo ya mwisho ikianza. Faulo tano ni kutoka. Hapo ulifaa utoke."

Akitoka robo ya mwisho ikianza, ile ya kengele amefunga nani? Hakuna. Na walishinda kwa moja; ukitoa hiyo, wameshinda na nini? Nakuru watakata rufaa kabla jua halijazama, na timu nzima imeshuka.

Kitu kibaya ni kwamba Emukule alijua. Siku ile alisikia meza ikiita nane, faulo ya pili, na yeye mwenyewe alikuwa amehesabu tano. Alisubiri refa amtoe. Refa hakumtoa. Akashukuru Mungu kimoyomoyo, akarudi kulinda. Hakukimbia kwa meza kusema jamani, mimi si nane. Namba nane ilikuwa tamu ikiwa inabeba faulo.

"Si uhamishe pointi peke yake," alisema, na hata yeye aliona aibu ya hiyo sauti.

"Haiendi hivyo. Yote ama uache."

Simu ya Ekwaro ikalia. Ilikuwa namba ya Uganda. Ikalia mpaka karibu inyamaze, Ekwaro ameishika kama kitu cha moto.

"Niseme nini?" aliuliza. "Nikienda huko wataniona siku ya kwanza. Wewe unajua vile nacheza."

"Shika simu," Emukule akasema.

Ekwaro akashika. Alisalimia, akasema ndiyo, akasema asante, ndiyo, boss. Vivianne bado alikuwa na kidole juu ya tableti, anamngoja Emukule. Emukule akatikisa kichwa. Vivianne akarudisha zote kwa nane, moja moja, na jina la Emukule likakonda tena mbele ya macho yake.

Ekwaro akafunika simu na kiganja. "Wanauliza napiga na mkono gani."

Emukule akamwangalia. Akauangalia mkono wa kulia wa Ekwaro, ule anaopigia, ule wa kushika taulo na maji.

"Kushoto," akasema, akageuka, akaenda zake.