Bado Mtu Mmoja

Mimi niliolewa na Jeshi la Anga, wacha nikwambie. Mume wangu Gerishon aliingia akiwa fundi wa injini, akawa rubani, mkufunzi, hadi kamanda. Wakati wa vita ng'ambo ya mpaka, yeye ndiye alipanga ndege gani iruke, lini, ipige wapi. Askari wetu waliozingirwa walitoka kwa mpango wake. Na alikuwa na mtindo wake: hali chakula mpaka kila rubani aliyemtuma ametua.

Rubani mmoja, Tobias, hakutua. Ikatangazwa kwamba alikosea mwenyewe. Gerishon akanyamaza, akavishwa nishani. Tangu hapo anakula nusu sahani, anatoka nje kuangalia juu. Amekonda hadi suti inamning'inia, na watu wanadhani mimi sijui kupika!

Alipostaafu tukahamia Gatuanyaga, na Jumamosi tukamfanyia sherehe. Hema limejaa, pasta ameshaombea chakula, nyama na mukimo viko tayari. Gerishon akasema, "Funika. Bado mtu mmoja."

Haiya! Kumbe amemwalika Apiyo, mama yake Tobias, kutoka Kimbo.

"Baba Shiko, huyo mama aje kula kwako wewe?" Nilimuuliza mume wangu kwa hasira. Watoto wanalia njaa, pasta anaangalia saa.

Alikuja. Boda ilimshusha getini, vumbi hadi kwenye nyusi. Hakusalimia mtu.

"Jenerali, mtoto wangu alikosea?"

Gerishon akasimama. "Hapana, mama. Aliniambia kwa redio hali ya hewa imeharibika, anataka kurudi. Nikamwambia aendelee. Kosa ni langu."

"Rudia, wale wa nyuma wasikie."

Akarudia kwa sauti ya gwaride. Apiyo akaketi, akalia sana. Mimi pia nililia. Mwishowe akajipangusa, akaona sufuria.

"Mbona hamjala?"

Nikashindwa kujizuia. "Muulize huyu! Hali mpaka wote watue. Tangu Tobias aende hajawahi kumaliza sahani."

Apiyo akamwangalia mume wangu, akaiangalia na ile suti.

"Tobias harudi, Jenerali," akasema. "Kula."

Gerishon hakusogea. Machozi yalikuwa yanamtoka mbele ya wageni wote.

"Mama Shiko, mpakulie," Apiyo akaniambia. "Na mimi pia. Nimetoka Kimbo na njaa."