Simu ya Jumapili Mchana

Tangu asubuhi alikuwa anajikokota, na wala si uvivu. Ni woga. Asali alisimama mbele ya kioo chumbani, hereni moja sikioni, ya pili bado mezani. Mumewe alikuwa ameegemea mlango, funguo mkononi.

"Twende basi. Mama hapendi chakula kipoe."

"Nakuja."

"Umesema hivyo tangu navaa viatu."

Asali si jina lake la kuzaliwa. Alipewa kazini kwa ajili ya sauti yake, likamganda mpaka mumewe naye akalichukua. Kazi yenyewe ilikuwa ya simu, na tuseme ukweli, si kazi ya kujitapia mbele ya wakwe: kuwapigia watu wanaodaiwa na benki kwenye kadi za mkopo, na kuwakumbusha. Kuwakumbusha, ndilo neno walilofundishwa. Wenzake walikumbusha kwa ukali, wengine kwa vitisho. Yeye alikumbusha kwa utamu. "Shikamoo mama yangu, samahani sana kwa kukusumbua," halafu kicheko kidogo, kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. Mtu aliyejiandaa kutukana alijikuta ameitikia marahaba, na akishaitikia marahaba, mwenzangu, huyo kwisha habari yake. Atalipa.

Alikuwa hodari hivyo hata msimamizi alimkalisha wiki nzima katika chumba kidogo chenye zulia mpaka ukutani, asome sentensi mbele ya maikrofoni. Salamu, tarakimu, miezi, majina ya watu, samahani za kila namna. "Tabasamu unaposoma," msimamizi alimwambia, "tabasamu linasikika." Aliambiwa ni za kufundishia wafanyakazi wapya. Alipomaliza walimpigia makofi na kumkatia keki. Haukupita muda wakaitwa wote ukumbini, wakapewa soda, wakaambiwa kitengo kinapunguzwa, na benki inawashukuru sana. Asali alirudi nyumbani na kikombe chake cha chai ndani ya mkoba, akapika, akala, akaosha vyombo, na hakumwambia mumewe kitu.

Usimlaumu haraka. Mumewe ni fundi wa majokofu, mpole, mtu wa utani, asiyejua kununa hadi jioni. Ila ana jambo moja. Alipokuwa mtoto, baba yake alifariki akaacha madeni ambayo hakuna aliyeyajua, na wanaume wanne wakaja kuzoa vitu sebuleni. Cha mwisho kutoka kilikuwa meza ya kulia chakula, sahani zikaondolewa juu yake na kuwekwa sakafuni, na mtoto anaangalia. Siku alipomchumbia Asali alimweleza hayo yote, kisha akasema, "Nikosee utakavyo, tutasameheana. Ila deni la kificho, siku nikilikuta nyumbani kwangu sitagombana. Nitaondoka tu." Alisema bila kupandisha sauti, na Asali aliamini. Mwanaume huyu akisema atakuja saa nne, saa nne yuko mlangoni.

Sasa ungefanyaje? Asali alijiambia kazi nyingine itapatikana kabla ya mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ukafika. Ndipo alipokwenda kwenye mashine ya kutolea pesa, akaingiza kadi yake ya mkopo, ile aliyopewa enzi za kazi, akatoa kiasi cha mshahara wake, akampelekea mumewe kama kawaida. Kodi ikalipwa. Mwezi uliofuata akafanya hivyo hivyo, na uliofuata. Yeye mwenyewe, ambaye aliwaambia watu wasiohesabika, "Ndugu yangu, pesa taslimu usitoe kwenye kadi, riba yake haina huruma." Kila asubuhi alivaa, akabeba mkoba, akaenda kukaa kwenye ukumbi wa kusubiria wa hospitali kubwa, kwa sababu pale hakuna anayekuuliza umekaa unangoja nini.

Kadi ilipofika kikomo, mashine ikakataa. Simu za benki zikaanza. Asali hakupokea hata moja. Alitoa laini ya zamani, akaikatakata kwa mkasi wa kucha, akanunua mpya na kumdanganya mumewe kuwa kazini wamebadilisha namba. Kwa siku chache alilala usingizi.

Halafu akakumbuka, na usingizi ukaisha. Mdaiwa akiwa hapatikani, benki haichoki. Inampigia ndugu wa karibu, yule ambaye mdaiwa alitaja namba yake siku anaomba kadi. Na Asali, wakati huo mfanyakazi bora, mtu asiyeweza kudaiwa, alitaja namba ya mama mkwe.

Balaa halikuishia hapo. Zamani ndugu walipigiwa siku za kazi, hawapokei. Ni Asali aliyesimama kwenye mkutano na kusema, "Tuwapigie Jumapili mchana. Watu wako mezani, wote wanasikia, aibu itafanya kazi yenyewe." Ukumbi mzima ulicheka, na wazo likachukuliwa likawa utaratibu. Alizawadiwa birika la umeme, na birika lile akamzawadia mama mkwe. Kwa mahesabu yake, zamu ya mama mkwe ilikuwa Jumapili hii.

Walipofika, mama mkwe alikuwa mlangoni, kitambaa begani, simu inaning'inia kifuani kwa utepe kama kitambulisho. Sikio lake moja halisikii kabisa na la pili linasikia likipenda, kwa hiyo simu yake iko sauti ya juu daima, na kila anayempigia anasikika mpaka jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Huyu hakulishi?"

"Namlisha, mama," mumewe alisema. "Chakula kinaishia kwenye sauti."

Asali alicheka kwa kujikaza. Macho yake hayakutoka kwenye ule utepe. Alimfuata mama mkwe jikoni, birika linachemka, akajaribu.

"Mama, simu yako ina chaji? Nipe nikuchomekee."

"Imejaa. Nimechaji usiku kucha."

"Basi nipe niifute, ina mafuta kwenye kioo."

Mama mkwe aliivua shingoni. Asali akageukia sinki, akaifuta kwa upindo wa gauni, na kidole gumba kikashusha sauti, kikashusha, mpaka mwisho. Akamrudishia. Namba ya benki alitaka kuizuia kabisa, ila anajua benki ina namba kama utitiri. Hii ilitosha. Ipige hadi ichoke, kifuani kwa mtu asiyesikia.

Wakaketi. Ni meza ile ile, na ndiyo iliyomfanya Asali ashindwe kula. Mama mkwe alishona nguo za watu miaka mingi mpaka akaipata tena kwa muuza fanicha za mitumba, akaitambua kwa alama ya pasi iliyoungua pembeni. Kila Jumapili huitandikia kitambaa, na kila Jumapili alama ile huachwa nje ionekane. Asali alikuwa amekaa mbele ya alama hiyo.

Wifi yake, muuguzi, alifika kwa kuchelewa, akajipakulia huku anaongea.

"Wifi, hongera kwa kazi. Juzi nilikuona pale hospitali, umekaa ukumbini. Nilidhani unaumwa, nikaitwa wodini kabla sijakufikia."

Kijiko cha Asali kilisimama. "Nilimsindikiza mwenzangu wa kazini."

"Siku ya kazi?" mumewe aliuliza, si kwa ubaya.

"Aliishiwa nguvu ghafla. Wakaniruhusu nimpeleke."

"Pole yake," mumewe alisema, akaendelea kula.  Uongo ulikuwa umefika mahali ambapo kila mmoja unazaa mwingine, na yeye amechoka kuulea.

"Mama," wifi alisema, mkono wake tayari kwenye ule utepe, "nimekupigia njiani mara mbili hupokei. Tazama, nani ameshusha sauti hivi? Daktari wako akipiga je?" Akabonyeza, akabonyeza, mpaka simu ikatoa mlio wa kupima. "Sasa sawa."

Asali alitaka kusema ana kichefuchefu, waondoke. Alifungua kabisa mdomo. Simu ikaita.

Mama mkwe akaibonyeza na kuinyanyua mbele ya uso kama kioo. "Haloo."

"Shikamoo mama yangu," ikasema simu. "Samahani sana kwa kukusumbua saa za chakula." Kikafuata kicheko kidogo.

 Sauti ilikuwa ya Asali. Si ya kufanana naye. Yake, utamu wake, kicheko chake, hata ile pumzi anayovuta kabla ya neno samahani. Mumewe alimtazama mdomoni, mdomo umefungwa. Akatazama simu. Akarudi mdomoni.

"Marahaba mwanangu," mama mkwe alisema, amekunja uso. "Mbona unanipigia nawe uko hapa?"

"Nashukuru sana mama yangu," ikajibu simu.

Asali alielewa yote kwa mara moja. Zile sentensi, kile chumba cha zulia. Hakukuwa na wafanyakazi wapya. Walichukua sauti yake, wakaitia kwenye mashine, wakamtoa yeye. Miezi yote hii alipokuwa anakimbia simu za benki, alikuwa anajikimbia mwenyewe. Sauti ile ile ikataja jina lake lote, yale matatu, taratibu, kwa adabu. Ikasema kuna deni la kadi lililopitiliza muda, na kwamba ndugu yenu hapatikani.

Wifi ndiye aliyecheka kwanza. "Wifi una mambo! Ndiyo mnavyojaribisha mitambo kazini? Mnatumia majina yenu wenyewe?"

"Majaribio," mumewe alisema, na uso ukamlegea kwa nafuu. Alitaka sana iwe hivyo. "Nilishtuka mimi. Si majaribio, mke wangu?"

Haya, mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu, ndiyo, na wangecheka mpaka machozi, na mama mkwe angewasimulia majirani mwezi mzima. Asali aliuona ule mlango. Akaona pia Jumapili ijayo, na ile ya baada yake, maana mashine haichoki wala haina likizo, na itapiga kwa sauti yake mwenyewe mpaka wanaume wanne waje. Akaitazama alama ya pasi kwenye meza.

"Je, mhusika yuko karibu nawe?" simu iliuliza. "Kama yuko, tafadhali mpe simu."

Mama mkwe, ambaye hajawahi kumkatalia mtu aliyemwamkia vizuri, aliuvua utepe shingoni na kumnyooshea Asali simu kuvuka meza. "Unajitafuta," alisema.

Asali akaipokea.  

"Je, ninaongea na mhusika?"

"Ndiyo."

"Nashukuru sana. Tafadhali eleza kwa kifupi sababu ya kuchelewa kulipa."

Alizungumza na simu kwa sababu hakuweza kumtazama mtu yeyote. Alinong'ona, maneno yanakwama na kutoka nusu nusu. Kwamba hana kazi. Kwamba walimwachisha zamani. Kwamba mshahara aliokuwa analeta nyumbani ulitoka kwenye kadi, na deni limefika mahali ambapo hawezi kulilipa, na hakusema kwa sababu aliogopa kuachwa.

Wifi aliacha kutafuna. Mumewe alikuwa ameinama mbele, sikio amelitega, kama mtu ambaye bado anatumaini hakusikia sawasawa. Simu ikacheka kile kicheko.

"Samahani, sijakusikia vizuri. Tafadhali rudia kwa sauti."

Sentensi hiyo Asali aliikumbuka. Aliisoma mara sita, kwa sababu msimamizi alisema tabasamu halijakolea.

Mumewe aliweka kijiko chini, polepole, kando ya sahani.

Asali akainua uso. Akaishusha simu mezani, akamtazama mumewe, akarudia yote kwa sauti, hata mama mkwe akasikia.