Kipande cha Katikati

Dokta Pramesti alinisogezea karatasi mezani, akitabasamu. "Wahyono ni mzima. Jeni yake ya damu haina kasoro. Bu Marsiyah, nenda ukamshonee mjukuu nguo."

Kando ya mumewe Wahyono, binti yangu Murniasih, mwenye mimba ya wiki kumi na mbili, alishusha pumzi. Mimi sikushusha. Murniasih amerithi kasoro moja ya thalasemia, ugonjwa wa damu. Moja haimdhuru mtu. Lakini mtoto akipokea na nyingine kwa baba, ataishi kwa kuongezewa damu za watu. Kaka yake Murniasih aliishi hivyo miaka tisa, Mungu akamchukua. Weupe ule wa kukosa damu naujua, na tangu siku ya ndoa nilikuwa nikiuona kidogo machoni mwa mkwe wangu.

"Mbona hapa mmeandika chembe zake za damu ni ndogo?"

"Upungufu wa madini ya chuma tu, Bu."

Wahyono akacheka. "Mama, kwani aliyesomea udaktari ni nani? Unanitafutia ugonjwa?"

"Nyamaza, mwanangu. Dokta, jeni mmeisoma yote?"

"Sehemu zenye maagizo, zote. Katikati yake kuna vipande visivyo na agizo. Mwili huvikata, huvitupa, ukaunga vilivyobaki. Hivyo hatukuvisoma."

Nimeshona blauzi za kebaya miaka thelathini. Siku moja nilikosea alama ya chaki, kipande cha kutupa kikaingia mshononi. Mkono wote ukapinda, na kitambaa hakikuwa na doa.

"Na mwili ukikosea pa kukata?"

Dokta alivua miwani. "Wahyono, lete mkono tena, nichukue damu."

Siku kumi na moja Wahyono alininunia, hakula kwangu hata tempe ya soya. Kisha jibu, kasoro anayo: herufi moja imebadilika ndani ya kipande cha kutupwa, mwili ukaidhania alama ya kukata, ukaacha takataka mshononi. Wahyono aliubusu mkono wangu bila utani.

Murniasih akachomwa sindano ya tumbo, apimwe mtoto. Tukangoja tena. Nilifunga Jumatatu na Alhamisi.

Dokta alianza kusema kabla hatujaketi. "Amechukua kasoro ya mama tu. Ya baba hana!"

Murniasih alilia. Wahyono akasema alhamdulillahi, akaniita Mama. Mimi nilikuwa bado nimesimama.

"Na katikati mmesoma?"

"Mara mbili, Bu."

Ndipo nikavuta kiti.