Kiti cha Meneja Mkuu

Anyitike alikuwa na pikipiki, na mwanamume mwenye pikipiki pale Dodoma miaka ile hakuwa mtu wa kuambiwa kitu. Aliinunua mnadani, shirika moja la umma lilipokuwa likifungwa na kila kilicho chake, kuanzia matrekta mpaka vikombe vya chai, kikinadiwa juani. Wenzake wa ofisi ya maji walirudi na mapazia. Yeye alirudi na pikipiki nyekundu, na juu yake, kimefungwa kwa kamba, kiti cha meneja mkuu, kile chenye mgongo mrefu. Alikitakia nini hakuna aliyejua, naye mwenyewe hakujua. Ila alikuwa amekalia benchi tangu aajiriwe, akaona si vibaya kumiliki kiti kilichowahi kuogopwa.

Kiti kikapata kazi wakati wa mvua. Mkewe, Emilia, alikuwa mjamzito wa kukaribia kujifungua, na alitaka kitu kimoja tu: mama yake aje kwao Miyuji akae naye mpaka mtoto azaliwe. Mwaka uliopita mimba ya kwanza iliharibika, mama akiwa mbali, na Emilia akayapitia yote yale peke yake. Safari hii aliogopa, na hakuona haya kusema kwamba anaogopa.

"Bila mama sitaweza," alisema.

Anyitike alimpenda mke huyu kuliko hata pikipiki, na hilo si jambo dogo. Akaahidi kumleta mama. Shida ni kwamba mama mkwe wake, Loisi, aliishi kijiji kimoja mbele ya Mvumi, na basi lilikuwa limeacha kwenda huko tangu mvua ilipokata barabara. Shida ya pili ni kiuno cha Loisi. Aliwahi kupanda lori mara moja maishani, na tangu siku hiyo aliwatangazia watu wote kwamba gari ni kitu cha kumtenganisha mtu na mifupa yake.

"Nitamtengenezea mahali pa kukaa," Anyitike akasema, "ambapo hata yai litafika zima."

Akakipeleka kiti kwa Yahaya, fundi wa kuchomelea wa Chang'ombe. Miguu ikakatwa. Mikono nayo ikakatwa, maana ilimzuia abiria kupanda. Kilichobaki kikachomelewa juu ya keria, kikaongezewa sponji, shokapu zikabadilishwa, na vikanyagio vikafanywa vipana na kuvalishwa mpira wa tairi. Yahaya alirudi nyuma kidogo, akaitazama kazi yake, akasema, "Bwana Anyitike, hapa waziri akipanda hashuki."

Emilia ndiye aliyekijaribu. Mumewe alimzungusha uwanjani polepole, kama mtu aliyebeba maziwa, naye amemkumbatia kiuno kama mke anavyomkumbatia mumewe, na kucheka juu.

"Kizuri!" alisema. "Nikishajifungua nahamia humu."

Jumamosi Anyitike akafika kijijini na kiti chake. "Shikamoo mama," alisema. Loisi aliitikia marahaba huku akitazama kuku. Anyitike, ambaye si mtu wa kuhisi jambo kwa haraka, alidhani mama anapenda sana kuku.

Loisi alikizunguka kiti. Akakibonyeza. "Ni kizuri," alimwambia Hilda, jirani yake, ambaye kwa sababu ambayo Anyitike hakuielewa ilibidi awepo. Akaleta furushi lake, akapanda, akaegemea, na uso wake ukalegea kwa raha. Anyitike akakaa mbele, akapiga kiki.

"Shika vizuri, mama."

"Anasema nishike wapi?" Loisi alimuuliza Hilda.

"Hapa hapa!" Anyitike akajibu kwa moyo mweupe, akijipigapiga kiuno. "Kumbatia tu, mama, usiogope!"

Hilda akajiziba mdomo kwa kanga. Loisi alishuka kama aliyekalia siafu, akaingia ndani na furushi lake, asitoke tena. Anyitike alisubiri, akakohoa, akasubiri tena. Mwishowe akaondoka peke yake, na njia nzima kichwani mwake mlikuwa na neno moja: sponji. Bila shaka sponji haikutosha.

Emilia alipomwona anarudi na kiti kitupu, machozi yalimlengalenga. Alipoelezwa ilivyokuwa, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili.

"Umemwambia mama yangu akukumbatie kiuno? Mbele ya Hilda?"

"Sasa angeshika nini?"

"Wewe Mnyakyusa wewe! Yule ni mkweo! Kwetu hata kukutazama usoni anaona haya, akukumbatie?"

Anyitike alishangaa kwelikweli. "Kwetu Rungwe anayemkimbia mkwe ni mke wa mtoto. Akimwona baba mkwe anakuja, anajitosa migombani. Lakini mama mkwe na mkwewe wa kiume? Mbona hawana neno?"

"Kwetu ndio wenye neno."

"Na hukuniambia!"

"Na hukuniuliza!"

Kuuliza si ujinga, na Anyitike alikuwa ameuliza mengi. Alimuuliza Yahaya habari za shokapu na unene wa vyuma. Kwa mwenye kukikalia ndiko hakuuliza.

Siku iliyofuata Yahaya akachomelea ukuta. Ulikuwa ubao uliosimama wima kwenye fremu ya chuma, kati ya dereva na abiria, wenye ngozi ya bandia pande zote mbili, na upande wa abiria mshikio wa chuma. Kesho yake alfajiri Anyitike akaondoka nao, akipita mbele ya watu waliouliza kama siku hizi anauza majeneza. Emilia alikuwa amemtuma ujumbe mmoja tu: "Mwambie mama tumbo limeshuka."

Safari hii Anyitike alikuwa ameelimika. Alizungumza na Hilda, macho kwenye kuku. Loisi aliposikia habari ya tumbo hakubonyeza kitu wala kuzunguka chochote. Alipanda, akashika chuma, wakaondoka.

Walikuwa wamekwenda kitambo pale Anyitike aliposikia sauti nyuma ya ukuta.

"Wewe pikipiki," ilisema, "mwambie huyo aliyekaa mbele kwamba mashimo si lazima ayapitie yote."

Anyitike akafikiri kidogo. "Pikipiki," akasema, "mjibu mama kwamba nayakwepa yale makubwa."

"Pikipiki, mwambie hayo makubwa ndiyo ninayoyasema."

Wakaendelea hivyo, pikipiki ikifanya kazi ya ukalimani bila malipo. Anyitike aligundua kwamba mama mkwe wake ana maneno, na kwamba Emilia hakuutoa mdomo wake mbali. Aliona raha. Kama si kuwaza tumbo lililoshuka, angependa njia iwe ndefu zaidi.

Kisha wakafika kwenye korongo. Maji yalikuwa yamepita na kuacha mchanga mlaini. Pikipiki ilizama gurudumu la mbele, ikayumba, ikalala ubavu. Loisi aliteremkia mchangani salama, sponji ikiwa chini yake. Ukuta ulivunjika. Anyitike alikuwa chini ya pikipiki, mguu umebanwa karibu na bomba la moshi, na bomba lilikuwa la moto.

"Pikipiki!" Loisi alianza kwa mazoea. Alitazama juu ya korongo na chini yake. Hapakuwa na Hilda. Hapakuwa na mtu. Anyitike alijaribu kuvumilia, akashindwa, akapiga kelele.

Mwacha mila ni mtumwa, wanasema, na Loisi alikuwa mtu wa mila tangu kuzaliwa. Alifunga kanga yake vizuri, akaisukuma pikipiki kwa bega, akamshika mkwewe kwapani na kumvuta mpaka mguu ukatoka. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, akamtazama usoni.

"Baba," alisema, "unaweza kuendesha?"

"Naweza, mama."

"Basi twende. Aibu itatufuata huko huko."

Waliiinua pamoja. Ukuta na mshikio wake vikabaki mchangani. Loisi akapanda, na Anyitike akahisi mikono miwili ikimzunguka kiuno, migumu. Aliogopa kwamba akisema neno lolote mikono ile itaondoka, na alitaka ibaki. Mama yake mwenyewe alikuwa mbali, kule Rungwe. Njia nzima hawakuzungumza, na hata pikipiki hakuna aliyeituma neno.

Miyuji majirani walitoka nje. Emilia alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mwimo, jasho usoni. Uchungu ulikuwa umeanza. Alimwona mumewe mwenye suruali iliyoungua, akaona na mikono ya mama yake ilivyomzunguka.

"Mama!" alisema, akicheka na kulia. "Umemshika mkweo!"

Loisi alishuka, akaja mpaka pale mlangoni, akamchukua binti yake mikononi.

"Mwanangu," alisema, "ningeshika nini kingine kilichokuwa kinakuja kwako?"