Vioo vya Mfalme Mamba

Katika himaya ya Mfalme Mamba kila nyumba ilikuwa na kioo, kila kioo kilitoka Kampuni, na Kampuni ilikuwa ya Mfalme. Vioo vilipeleka salamu, vilijibu maswali, hata watoto vilibembeleza. Tena vilikuwa viziwi. Tamko la Mfalme lilisema hivyo, na lilikuwa na muhuri.

Nungunungu, fundi wa vioo, aliliamini mpaka askari walipomchukua mdogo wake, Kalunguyeye. Kosa lake? Akiwa kwake anakula, alimuuliza mkewe kwa nini mto umezungushiwa ukuta ili upoze mitambo ya Kampuni, na wao wanakunywa matope. Kesho yake asubuhi askari wakamsomea maneno yake yote. Siku ya nane alirudishwa maiti. Nungunungu hakulia. Alitaka kulipiza, basi.

Siku ya Baraza aliitwa kusafisha kioo kikubwa cha ukumbini, kile kilichopeleka hotuba za Mfalme katika kila kioo cha himaya. Mwaka uliopita raia walivizima vioo vyao Mfalme akiwa katikati ya hotuba. Mamba alifura kwa hasira, akaamuru vitufe vya kuzimia ving'olewe himaya nzima. Nungunungu akapanda ngazi na kitambaa chake. Nani humtazama fundi?

"Mtukufu," alisema Waziri Kicheche, "raia wanaulizana kama vioo vinasikia."

Kitambaa kikasimama. Taratibu, Nungunungu akakiwasha kioo cha hotuba.

"Waambie ni viziwi," alijibu Mamba, akichokonoa meno. "Atakayeamini, tutaendelea kumsikiliza. Asiyeamini, tutamsikia akisema."

"Na mto, Mtukufu?"

"Raia watazoea matope. Mitambo haizoei."

Baraza likaangua kicheko. Mara kicheko kilekile kikasikika nje, kikitoka katika kila nyumba ya mtaa. Wajumbe wakakigeukia kioo mmoja mmoja.

"Zima!" alifoka Mamba. "Zima hicho!"

"Kwa kitufe kipi, Mtukufu?" aliuliza Nungunungu, na moyo wake ukaburudika kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Punde umati wa raia ulikuwa umeshafika, unagonga lango la ukumbi. Mamba akasogea chini ya ngazi, sauti imelainika.

"Fundi, mwanangu, nifiche. Nitakupa chochote."

"Nitajie jina la mdogo wangu. Yule mliyemuua kwa kuuliza habari za mto."

Mamba akamtazama Kicheche. Kicheche akatazama sakafu.

"Walikuwa wengi," alisema Mfalme.

Na hilo nalo himaya nzima ikalisikia. Nungunungu akashuka, akaenda langoni, akawafungulia.