Sifa za Mashine

Mke wa shemeji yangu mdogo tulimwita Mashine, na jina hilo alipewa na mama mkwe mwenyewe, kwa furaha tele. Kukipambazuka Mashine ameshadeki, ameshafua, ameshapanga upya kabati nililolipanga mimi. Mimi, mke wa kaka mkubwa, nilikuwa mfano wa upande wa pili. Mama mkwe hakuwahi kunitukana. Alimsifu Mashine mbele yangu, na hiyo ilitosha. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu akisifiwa alidaka ufagio. Nilimchukia, sitaficha.

Kisa kilianza siku Mashine alipompeleka mama mkwe zahanati kupima presha. Daktari alimaliza na mama, kisha akamkodolea macho aliyemsindikiza: shingo imejaa kwa mbele, mikono inatetemeka. Akamwandikia aende kwa bingwa wa tezi. Mama mkwe alikasirika kwelikweli. Akafuatana nasi hospitali kubwa makusudi, ili amtetee mkamwanawe asisingiziwe ugonjwa.

Bingwa alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, miwani ikimning'inia kifuani. Majibu ya damu yalikuwa mezani kwake, lakini alitaka kusikia kwanza.

"Unalala vizuri?"

"Huyu?" mama mkwe akadakia. "Usingizi haujui, daktari. Usiku wa manane unamsikia anapiga pasi."

Bingwa akaandika. "Umepungua uzito?"

"Anakula kama wapasua mbao wawili, na hanenepi! Si kama wengine."

Wengine ni mimi. Bingwa akaandika.

"Joto linakusumbua? Jasho je?"

"Jasho la kazi hilo, mwanangu. Hata asubuhi ya baridi utamkuta na kijigauni chepesi."

Kadiri mama alivyosifu ndivyo kalamu ilivyokimbia. Mgonjwa mwenyewe alikaa akitabasamu kwa haya, huku goti lake likirukaruka chini ya meza.

Bingwa akampapasa shingo, akamwambia ameze mate, akausikiliza moyo kwa muda mrefu. Kisha akatueleza kwamba tezi yake inafanya kazi kupita kiasi, nayo inaukimbiza mwili mzima. Moyo ukiendelea hivyo utashindwa, wala hautamsubiri azeeke. Lakini dawa ipo. Akimeza vidonge atalala, atatulia, atanenepa kidogo.

Roho yangu ilisuuzika, Mungu anisamehe. Miaka yote ile nimeshindanishwa na ugonjwa!

Mama mkwe akanisonta kidole. "Kwa hiyo atakuwa kama huyu?"

Bingwa akavaa miwani, akanitazama vizuri. "Huyu ni mzima, mama."

Tulirudi na vidonge. Mama mkwe hakuvikataa. Alisema tu kwamba harusi ya binti yake kitinda mimba imekaribia na wageni watajaa, basi dawa ianze baada ya hapo. Ugonjwa uliosubiri siku zote hizo hautakosa subira ya wiki chache. Aliyasema kwa upole, kama mtu anayeomba kuazima sufuria, na Mashine akaitikia, "Sawa, mama."

Jioni nilimkuta jikoni peke yake, pakiti ya vidonge ikitetemeka mkononi.

"Dada," akaniuliza, "nikipona, mama atanipenda?"

Huyu alilelewa na mama wa kambo asiyemwona hata akisimama mbele yake. Neno zuri la kwanza maishani alilisikia humu ndani, akalishika kwa mikono miwili. Chuki yangu iliniishia pale pale, nikabaki na aibu. Ningeweza kumdanganya.

"Hatakupenda," nikasema. "Mimi hanipendi tangu siku niliyoingia, na niangalie, mdogo wangu. Nipo."

Akalia. Nikamshikia kikombe cha maji, maana yeye angeyamwaga. Akameza kidonge.

Mara mama mkwe akaita kutoka sebuleni, "Mashine!" Akaruka kwa mazoea. Nikamkandamiza bega, akakaa. Nikaenda mimi.